Fosi septiki isiyojaa: choo, jiwe la volkano na maji ya Ziwa Kivu mjini Goma

Katika mji wa Goma, mashariki mwa Kongo (RDC), fundi wa vyoo husifiwa kwa jambo moja kuliko yote: fosi septiki aliyoijenga haijai. Mwenye parseli, yaani kiwanja cha nyumba, atakueleza kwa furaha kwamba familia yake ya watu 8 imeitumia kwa miaka 15 bila kumwita mtu wa vidanje, yaani mzoa tope, hata siku moja, na kwamba wakati wa kuchimba masoni, yaani mwashi, alimtuliza kwa kusema, “Mama, usiogope, hapa jiwe linakunywa lenyewe.” Jirani husikia, hutamani, kisha humtafuta masoni yuleyule. Makala haya yanaeleza kwa nini sifa hiyo, mbele ya sheria na mbele ya elimu ya maji, ni ushahidi wa kosa; kwa nini kanuni ya mita 30 kati ya choo na chanzo cha maji inayotajwa na kila mtu wa usafi haitoshi katika mji uliojengwa juu ya lava; na ni nani hasa, kati ya ofisi nyingi zinazobisha hodi kwenye parseli, mwenye neno juu ya shimo la choo.

Tuanze na fosi yenyewe. Fosi septiki ni tangi la saruji, mawe au matofali lililopigwa plasta ndani, lenye sakafu na kuta zisizopitisha maji, na kwa kawaida lina vyumba viwili vilivyotenganishwa kwa ukuta wenye tundu katikati ya kimo chake. Maji ya choo yanapoingia hupoteza kasi. Vitu vizito huzama na kuwa tope, mafuta na vitu vyepesi huelea na kufanya utando, na maji yaliyo katikati hupita polepole hadi chumba cha pili, kisha hutoka kwa bomba lenye umbo la herufi T ambalo mdomo wake umezamishwa chini ya utando ili uchafu unaoelea usitoke nayo. Katika giza hilo lisilo na hewa, bakteria hula sehemu ya tope na kutoa gesi, na ndiyo sababu tangi huwekewa bomba la kupumulia. Kazi yote hiyo inadai utulivu na muda: maji yanapaswa kukaa humo siku nzima, na afadhali siku mbili.

Kinachosahaulika ni kwamba tangi halisafishi maji. Linayatenganisha na tope, basi. Maji yanayotoka kwenye bomba la mwisho yanaweza kuonekana meupe kwa macho, lakini kila mililita 100 zake bado zina bakteria wa kinyesi kwa mamilioni, ilhali Shirika la Afya Duniani linataka maji ya kunywa yasiwe na hata bakteria mmoja wa aina ya E. koli katika kiasi hichohicho. Kazi ya kuua vijidudu hufanywa nje ya tangi, na mfanyakazi wake ni udongo. Maji hupelekwa kwenye pwizari, yaani shimo la kunyonyea, au kwenye mabomba yenye matundu yaliyolazwa chini ya bustani, na kutoka hapo huteremka tone kwa tone kati ya chembe za udongo zenye hewa. Bakteria hunaswa, huliwa na viumbe wadogo wa ardhini au hufa kwa kukosa chakula. Virusi hugandamana na chembe za mfinyanzi. Na kadiri safari inavyokuwa ya polepole ndivyo vijidudu wachache wanavyofika mwisho wakiwa hai. Naitreti inayotokana na mkojo haikomi hapo, kwa kuwa hupita karibu yote hadi kwenye maji ya chini, na kuyachemsha maji hakuiondoi. Kipimo cha juu kinachokubaliwa kwa maji ya kunywa ni miligramu 50 kwa lita.

Kwa hiyo mfumo una nusu mbili, tangi na udongo, na nusu ya pili ndiyo inayolinda maji. Turudi sasa kwa yule mama na fosi yake isiyojaa, tufanye hesabu ambayo masoni hakuifanya. Kwa makadirio yanayotumiwa sana na wajenzi, mtu mmoja huacha tangini kama lita 40 za tope kwa mwaka, baada ya bakteria kula sehemu yao. Watu 8 huacha lita 320. Ikiwa tangi lina ujazo wa mita 3 za ujazo, yaani lita 3,000, theluthi yake itakuwa imejaa tope baada ya miaka 3 hivi, na theluthi ndiyo alama ya kuita lori, kwa sababu zaidi ya hapo maji hayapati tena nafasi ya kutulia. Baada ya miaka 15 tope peke yake lingekuwa lita 4,800, ambazo haziwezi kukaa ndani ya tangi la lita 3,000. Tukiwa wakarimu, tukasema katika joto letu tope huliwa zaidi na kubaki lita 25 tu kwa mtu, bado tunapata lita 3,000 kamili, tangi likiwa limejaa tope hadi juu bila nafasi ya tone la maji. Lakini mama anasema halijajaa, naye hasemi uongo. Basi tangi hilo halina sakafu, au lina sakafu yenye ufa, na mali yake imekuwa ikienda mahali pengine kwa miaka yote hiyo.

Mahali hapo pengine ndipo penye habari ya Goma. Mji umekaa chini ya volkano ya Nyiragongo, kwenye ukingo wa kaskazini wa Ziwa Kivu, na ardhi yake ni lava juu ya lava. Mlipuko wa 10 Januari 1977 ulimwaga moto kuelekea mji. Ule wa 17 Januari 2002 ulipita katikati ya mji hadi ziwani, na watu wakajenga upya juu ya jiwe lililokuwa bado halijapoa vizuri. Ule wa 22 Mei 2021 ulisimama kwenye vitongoji vya kaskazini, upande wa Buhene. Lava inapopoa husinyaa na kupasuka. Huacha nyufa, mapovu, na mara nyingine mapango marefu kama mabomba, mahali ambapo tabaka la juu liliganda huku moto ukiendelea kutiririka chini yake. Ndiyo maana Goma, mji wenye mvua nyingi, haina mto hata mmoja unaoukatiza. Maji ya mvua huzama tu, hutembea chini ya miguu yetu na kutokea tena kwenye ukingo wa ziwa. Maji ya fosi hufuata njia hiyohiyo. Kwenye udongo mzuri yangetembea kwa siku na majuma; kwenye ufa wa basalti, yaani jiwe la lava, yanaweza kwenda umbali huohuo kwa saa chache, bila kukutana na chembe ya kuyachuja wala kiumbe wa kuwala vijidudu wake. Masoni alisema kweli kwamba jiwe linakunywa. Hakusema kwamba linatapika ziwani.

Tukifika hapo ndipo kanuni ya mita 30 inapotakiwa kusomwa upya. Namba hiyo imeenea mjini kupitia mashirika ya misaada, ambayo huitoa kwenye mwongozo wa Sphere, kitabu cha kimataifa cha viwango vya misaada ya dharura: choo au pwizari kiwe angalau mita 30 kutoka chanzo cha maji ya chini ya ardhi, na sakafu ya shimo iwe angalau mita 1.5 juu ya kina cha maji hayo. Kanuni za Ufaransa, ambazo wahandisi wengi wa kwetu wamezisoma shuleni, zinataka mita 35 kati ya mfumo wa choo na kisima cha maji ya kunywa. Lakini mwongozo wa Sphere una sentensi ya pili ambayo mara nyingi haifiki kwenye mafunzo ya kartie, yaani mitaani: umbali huo uongezwe kwenye mwamba wenye nyufa na mawe ya chokaa, na unaweza kupunguzwa kwenye udongo wenye chembe ndogo. Mita 30 zilipangwa zikitarajia udongo. Ni kama dawa iliyoandikiwa mtu mzima wa kilo 60, nawe ukaambiwa idadi ya vidonge bila kuambiwa habari ya kilo.

Hata tukiiacha lava kando, parseli zetu haziruhusu namba hiyo. Chukua parseli ya mita 15 kwa 20. Kutoka pembe moja hadi pembe ya mbali kabisa ni mita 25. Hakuna namna ya kuweka choo na kisima ndani ya parseli hiyo kwa umbali wa mita 30, na ukitazama nje ya ukuta utakuta fosi za majirani zimekuzunguka. Huko Mabanga, Katoyi au Majengo parseli nyingi zimeshagawanywa mara mbili au tatu. Anayekuja na mita mkononi kupima umbali anapima kitu kisichoweza kupatikana, na mwenye nyumba, akijua hivyo, huona kanuni nzima kuwa kisingizio cha kumtoza faini. Kwa maoni yangu hilo ndilo dhara kubwa la kanuni iliyochukuliwa nusu: huwafanya watu waache kuuliza swali lenye maana, ambalo ni je, tangi linavuja?

Sheria zenyewe zimelala tabaka juu ya tabaka, kama lava. Ya zamani kabisa ni ordonansi, yaani amri ya serikali, ya 1 Julai 1914 kuhusu kuchafuliwa kwa chemchemi, maziwa na mito, iliyotungwa wakati Goma bado ni kituo kidogo cha mpakani. Ikafuata ordonansi namba 52/443 ya 21 Desemba 1952, iliyoweka hatua za kulinda chemchemi, maji ya chini ya ardhi, maziwa na mito, na kuzuia maji yasichafuliwe wala kupotezwa bure. Kisha ikaja ile namba 74/345 ya 28 Juni 1959 kuhusu usafi wa umma katika makazi, ambayo ndiyo babu wa ukaguzi wa parseli tunaoujua. Jambo la kuangaliwa ni kwamba wakoloni waliyataja maji ya chini ya ardhi na maziwa kwa majina yao miaka 70 iliyopita, kwa hiyo asemaye kwamba sheria ya kulinda ziwa dhidi ya choo ni mtindo wa juzi ulioletwa na mashirika hajasoma.

Baada ya uhuru tabaka jipya ni Katiba ya 18 Februari 2006. Kifungu cha 48 kinatoa haki ya makazi yenye heshima na ya kupata maji ya kunywa na umeme, na kifungu cha 53 haki ya mazingira safi. Sheria namba 11/009 ya 9 Julai 2011 iliweka misingi ya kulinda mazingira, ukiwemo ule usemao kwamba mchafuzi ndiye alipaye. Sheria namba 15/026 ya 31 Desemba 2015 ndiyo sheria ya maji: imefungua huduma ya maji kwa watoaji wengine pamoja na Regideso, shirika la maji la taifa, imepeleka madaraka kwenye majimbo na maeneo ya utawala ya chini, na inatambua maeneo ya ulinzi kuzunguka mahali maji ya kunywa yanapochotwa. Sheria namba 18/035 ya 13 Desemba 2018 inahusu misingi ya afya ya umma. Ukizisoma zote kwa pamoja unapata jibu lililo wazi juu ya jambo moja: mwenye parseli hana haki ya kuacha maji ya choo chake yafike kwenye maji ya wengine, hata kama kila kitu kimetendeka ndani ya ukuta wake. Usichokipata kwa urahisi ni kipimo. Sheria hizi zinasema nini kisitokee. Ni michoro ya ujenzi, ruhusa na mkaguzi vinavyopaswa kusema tangi liwe na unene gani.

Basi ni nani anayeshika kalamu hiyo? Mjenzi anapaswa kuanza na ruhusa ya kujenga, ambayo hutolewa kwa kuangalia plani, na plani inayostahili jina hilo inaonyesha mahali pa fosi, ujazo wake na kule yanakokwenda maji yake. Huo ndio wakati pekee ambapo kosa linaweza kusahihishwa kwa penseli. Watu wengi hujenga bila ruhusa, au huipata plani ambayo upande wa fosi ina duara dogo tu lenye herufi mbili, F.S. Baada ya ujenzi, kazi inahamia kwa watu wa usafi: huduma ya hijieni, komini ya Goma au ya Karisimbi, na ofisi kuu ya zona ya afya, ambayo wahudumu wake huzunguka kartie hasa kipindupindu kinapoonekana. Sheria namba 08/016 ya 7 Oktoba 2008 kuhusu maeneo ya utawala yaliyogatuliwa inaufanya usafi wa mazingira kuwa jambo la komini, kwa hiyo burugumesta, mkuu wa komini, hawezi kusema hilo ni la Kinshasa. Hoteli kubwa ya ukingoni mwa ziwa ina mlango mwingine tena: miradi yenye athari kubwa inadaiwa utafiti wa athari kwa mazingira na jamii, kwa taratibu zilizowekwa na dekreti namba 14/019 ya 2 Agosti 2014, na wakala wa mazingira wa taifa, ACE, ndio unaoshughulikia utafiti huo.

Tangu mwisho wa Januari 2025, mji ulipoingia mikononi mwa waasi wa AFC/M23, baadhi ya wanaoketi kwenye viti hivyo wamebadilika. Mwananchi anayetaka kujenga vizuri afanye jambo moja la busara: atunze karatasi zote za ruhusa, plani na risiti, maana ufa wa jiwe haubadiliki kwa kubadilika kwa muhuri.

Pengo kubwa zaidi halimo kwenye ruhusa, limo kwenye tope. Goma haina mtandao wa mifereji ya maji taka unaochukua uchafu wa nyumba na kuupeleka kwenye kituo cha kuusafisha, kwa hiyo kila fosi ni kisiwa, na anayetii kanuni anabaki na lita 1,000 za tope kila miaka michache. Lori la vidanje linahitaji barabara na mpira mrefu. Avenyu nyingi za Birere na Virunga hazina barabara hiyo, ni mawe tu. Hapo huitwa vijana wanaozoa usiku kwa ndoo, na tope huzikwa kwenye shimo jingine palepale, au hupelekwa kusikojulikana. Wengine hungoja mvua kubwa, wakafungulia fosi ili mafuriko yachukue, nayo yateremke kupitia avenyu za watu hadi ziwani. Hilo ni kosa lisilohitaji mtaalamu wa sheria, na kila mtu wa kartie huisikia harufu yake. Lakini linaendelea kwa sababu anayeadhibiwa hana mahali halali pa karibu pa kupeleka kile alichokatazwa kumwaga. Njia ya kulitibu tope inajulikana na si ya anasa: vitanda vya kukaushia, na chokaa inayochanganywa hadi pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, ifike 12 na kubaki hapo kwa angalau saa 2, kiwango ambacho bakteria wengi wa magonjwa hawakivumilii. Kiwanja cha kuifanyia kazi hiyo ni wajibu wa utawala, hauwezi kutupiwa mwenye parseli ya mita 15 kwa 20.

Huenda mtu akauliza, ziwa kubwa kiasi hiki, lenye kina cha mita 485, litashindwaje kumeza uchafu wetu? Swali ni la haki, ila linaliangalia ziwa kutoka kwenye ramani. Mama anayechota maji Kituku, ukingoni, hachoti katikati ya ziwa. Huingia hadi magotini, huzamisha bidoni, yaani dumu, mahali palepale ambapo mitumbwi hufunga, watu hufua, na maji ya chini ya mji hutokea kwenye mawe. Regideso pia inapampu kutoka ziwani, lakini hutia klorini, na shida yake huja umeme unapokatika: pampu husimama na mji mzima hurudi ukingoni na bidoni mkononi, kama ilivyotokea wakati wa mapigano ya Januari 2025, mabomba yalipokauka kwa siku kadhaa. Wahudumu wanaosimama ukingoni na sindano, wakidunga klorini katika kila bidoni, wanafanya kwa mkono kazi ambayo udongo ungeifanya kama tungekuwa nao. Maji ya Kivu yana asili ya alkali, hali ambayo kijidudu wa kipindupindu huipenda. Mji unakumbuka Julai 1994, wakati wakimbizi mamia kwa maelfu walipovuka kutoka Rwanda na kukaa juu ya lava isiyochimbika, bila vyoo na bila maji safi. Inakadiriwa kwamba watu wapatao 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza, wengi wao kwa kipindupindu na kuhara damu.

Jiwe hilohilo lilileta somo la ujenzi ambalo nyumba za kudumu hazijalichukua. Katika kambi za waliohama vita, kama Bulengo na Kanyaruchinya, vyoo vingi vilijengwa juu ya ardhi: chumba cha kupokea uchafu kikainuliwa, na mtumiaji akapanda ngazi. Watu walivicheka, lakini choo cha namna hiyo kina faida mbili. Ukuta wake unaonekana, hivyo ukivuja kila mtu anaona. Na kinajaa, hivyo hakuna anayeweza kujidanganya kwamba kazi ya kukizoa haipo.

Kwa nyumba yenye maji ndani, ambako choo cha namna hiyo hakifai, jibu si kuikataa fosi septiki. Ni kukamilisha nusu yake ya pili. Kanuni za Ufaransa, kwa ardhi inayonywa upesi mno au mwamba wenye nyufa, huagiza kitanda cha mchanga: mwamba huchimbwa kwa upana, na mchanga uliooshwa hulazwa kwa unene wa sentimita 70, maji ya tangi yakisambazwa juu yake kwa mabomba yenye matundu. Mchanga huo ndio udongo wa kuazima. Eneo la chini kabisa ni mita za mraba 20, na hapo ndipo parseli ndogo inapoanza kulia. Lakini kinachowezekana kwa ndugu wanne waliogawana parseli ya baba yao ni kuwa na kitanda kimoja cha pamoja badala ya pwizari nne zilizotobolewa kwenye ufa mmoja. Asiyeweza hilo ana njia ya tangi lililozibwa kabisa, lisilo na bomba la kutokea, ambalo huzolewa kila linapojaa. Ni njia ya gharama kwa anayetumia maji mengi: watu 8 wanaotumia lita 20 kila mmoja hujaza lita 3,000 kwa siku 19 hivi. Ndiyo sababu maji ya kufulia na kuogea hayapaswi kuingizwa humo, na choo kikavu kinachotenganisha mkojo, ambacho watu wa mjini hukidharau, kinastahili kufikiriwa tena.

Kuna onyo moja la kuchimba ambalo sharti lisemwe kabla ya kumaliza habari za mashimo. Upande wa magharibi wa mji, kuelekea Lac Vert na Mugunga, kuna mazuku, hewa nzito ya kaboni dioksidi inayotoka kwenye nyufa na kulala mabondeni na ndani ya mashimo, bila rangi. Neno hilo la kwetu sasa limo katika maandishi ya wataalamu wa volkano wa dunia nzima. Mchimbaji wa choo anaweza kushuka akiwa mzima, akazimia kabla ya kuita, na anayeshuka kumwokoa akafuata. Fosi kongwe inayofunguliwa ina hatari ya aina yake, kwa gesi inayonuka kama yai bovu, ambayo ikizidi huifisha pua kwanza, mtu akadhani imekwisha. Hakuna anayepaswa kushuka shimoni peke yake, wala bila kamba iliyoshikwa na walio juu.

Na kwa yule ambaye fosi yake inajengwa wiki hii, kuna kipimo kisichohitaji maabara wala ofisi. Plasta ikishakauka, kabla choo hakijaanza kutumiwa na kabla jiwe la juu halijawekwa, tangi lijazwe maji hadi kwenye mdomo wa bomba la kutokea. Liachwe siku moja, maana saruji mpya nayo hunywa kidogo. Liongezwe hadi mdomo tena, alama ipigwe ukutani kwa chaki, mbele ya masoni, kisha kila mtu aende akalale. Kesho yake saa ileile waangalie wote wawili. Maji yakiwa yameshuka chini ya alama, jiwe linakunywa, na masoni atarudi ndani na saruji yake kabla hajapewa nusu ya pili ya malipo.